Mpanda Farasi wa Richmond na Matetesi ya Vita

Katika lugha yetu neno sanamu limebeba mizigo miwili. Kwa fundi achongaye, sanamu ni mfano wa mtu au wa mnyama, uliofanywa kwa mti, kwa jiwe, kwa udongo au kwa shaba. Hata picha iliyochorwa karatasini, wazee wa pwani waliiita sanamu. Lakini kwa mwalimu afundishaye Amri Kumi, sanamu ni kitu cha kuogopwa, maana watu walikisujudia wakamwacha Mungu. Mara nyingi sisi walimu hupita katikati ya maana hizi mbili mbiombio, tusisimame. Na mwanafunzi hubaki akidhani ya kuwa kila umbo lililosimamishwa juu ya jiwe ni ama pambo tupu, ama dhambi. Kumbe liko jambo la tatu. Watu wa mji wakimpandisha mtu juu ya jiwe, wanasema neno juu ya heshima: ni nani astahiliye kutazamwa kwa kuinua macho, na kwa sababu gani. Neno hilo laweza kuwa kweli, laweza kuwa uongo, nalo lahitaji kupimwa kama maneno mengine yote.

Kwa ajili hii tumeona vema kuwaandikia wasomaji wetu habari za sanamu moja kubwa ya shaba iliyoko nje ya jumba la makumbusho ya sanaa katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, Marekani. Fundi wake ni Kehinde Wiley, mchoraji aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1977, ambaye baba yake ni mtu wa Nigeria na mama yake ni Mmarekani mweusi. Ndiye aliyemchora Rais Barack Obama katika picha iliyofunuliwa Washington mwaka 2018. Sanamu yake ilifunuliwa kwanza katika uwanja wa Times Square, New York, tarehe 27 Septemba 2019. Kisha ikachukuliwa Richmond, ikasimamishwa mbele ya jumba la makumbusho tarehe 10 Desemba mwaka huo huo, ikae hapo daima. Jina lake kwa Kiingereza ni Rumors of War, nalo limetoka katika Injili ya Mathayo, sura ya 24. Sisi twaliita Matetesi ya Vita, na juu ya jina hili tutarudi kusema.

Kwanza tuieleze ilivyo. Ukiihesabu pamoja na jiwe linaloichukua, kimo chake ni futi 27, na upana wake wapata futi 16. Basi mtu akisimama karibu nayo, kichwa chake hakifiki hata penye kwato za farasi. Farasi ni mkubwa, mwenye misuli iliyokaza, anakwenda huku ameinua mguu. Juu ya tandiko ameketi kijana mweusi. Nywele zake ni za msokoto, zimefungwa pamoja. Amevaa fulana yenye kofia iliyoshonwa shingoni, na suruali ya jinzi iliyochanika magotini, na viatu vya michezo virefu vya Nike. Hana upanga wala bunduki. Hana nishani kifuani. Ameshika hatamu, naye amegeuka juu ya tandiko, kiwiliwili na uso vimeelekea kando, wala hatazami anakokwenda farasi.

Mtu asiyejua habari za mji ule ataweza kusema, Haya, ni kijana aliyepanda farasi. Lakini watu wa Richmond waliijua mara moja, kwa maana farasi yule na kule kugeuka juu ya tandiko walikuwa wamekuona kwa zaidi ya miaka mia. Lazima tueleze sababu.

Mwaka 1861 majimbo ya kusini ya Marekani yalijitenga na serikali yao ili yaulinde utumwa, na mji wa Richmond ukawa mji mkuu wao mpaka waliposhindwa mwaka 1865. Kabla ya vita kuanza, watumwa katika nchi ile walikuwa kama milioni 4, na soko la watumwa la Richmond lilikuwa mojawapo ya masoko makubwa kabisa. Ni New Orleans tu uliolipita. Kushindwa kulipokwisha kusahauliwa kidogo, wana wa walioshindwa walianza kusimamisha sanamu za majemadari wao. Katika njia pana iliyoitwa Monument Avenue, yaani Njia ya Minara ya Ukumbusho, wakamsimamisha Robert E. Lee mwaka 1890. Mwaka 1907 wakamsimamisha J.E.B. Stuart, jemadari wa wapanda farasi, na Jefferson Davis aliyekuwa rais wao. Mwaka 1919 Stonewall Jackson. Na mwaka 1929 Matthew Fontaine Maury. Wasomaji waangalie hesabu ya miaka. Stuart alikufa Mei 1864 kwa jeraha la vita, lakini sanamu yake haikusimama mpaka ilipopita miaka 43. Kwa hiyo haikuwa kilio cha wafiwa juu ya kaburi bichi. Wakati ule ule sheria mpya za Virginia zilikuwa zikiwanyima watu weusi haki ya kupiga kura na kuwatenga na wazungu katika magari na katika shule. Shaba ile ilisimama kama muhuri juu ya sheria zile: ilisema ya kwamba walioshindwa vitani wameshinda katika amani.

Fundi wa sanamu ya Stuart aliitwa Frederick Moynihan. Alimfanya jemadari amegeuka juu ya tandiko, farasi akiwa ameinua mguu. Mwaka 2016 Kehinde Wiley alikuja Richmond kwa maonyesho ya picha zake katika jumba lile lile la makumbusho, akaziona sanamu za njia ile. Na katika kuziona ndipo alipopata wazo la kazi yake. Hakumvunja farasi wa Moynihan, wala hakumtungia farasi wa namna nyingine kabisa. Alimtwaa jinsi alivyo, akamwondoa jemadari, akamweka kijana wa leo katika tandiko lile.

Na mahali penyewe panasema. Kiwanja cha jumba hili la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 1936, zamani kilikuwa makao ya askari wazee wa majimbo yaliyojitenga. Wazee hao walitunzwa pale tangu mwaka 1885 mpaka 1941, na kanisa lao dogo lililojengwa mwaka 1887 bado limesimama katika kiwanja. Jirani yake ni nyumba kuu ya chama cha wanawake wa ukoo wa askari hao, chama kilichoanzishwa mwaka 1894, ambacho kilisimamisha minara mingi ya namna ile katika nchi. Na barabara ipitayo mbele ya mlango, mwaka 2019, miezi michache kabla ya sanamu kufika, iliitwa kwa jina la Arthur Ashe, mchezaji wa tenisi, mtu mweusi mzaliwa wa Richmond. Basi kijana huyu wa shaba hakutupwa mahali po pote palipokuwa na nafasi. Amewekwa kama shahidi awekwavyo barazani, mbele ya wale anaotoa ushahidi juu yao.

Sasa tupime kazi yenyewe. Hapana budi kuanza na farasi, kwa maana farasi si kiti tu. Tangu zamani za Warumi, mtu kuonyeshwa juu ya farasi wa shaba ni kuonyeshwa kuwa mtawala. Katika Roma iko sanamu ya Kaisari Marko Aurelio, aliyetawala tangu mwaka 161 mpaka 180. Sanamu nyingi za makaisari ziliyeyushwa ili shaba yake itumike kwa kazi nyingine. Hii ilisalimika kwa sababu Wakristo wa zamani za kati walidhani ni Konstantino, mfalme aliyewapa ruhusa ya kuabudu. Mwaka 1538 ilipelekwa kilimani Capitolino, na leo imehifadhiwa ndani ya makumbusho, na mfano wake umesimama nje. Mafundi wote wa Ulaya walijifunza kwake: farasi akienda taratibu, mpandaji akiwa juu yake ametulia, na sisi wengine tuko chini.

Watu wengine husema ya kuwa mguu wa farasi ulioinuliwa huonyesha kwamba mpandaji alijeruhiwa vitani. Hii si kanuni ya mafundi. Ni tetesi tu, hata ikitokea kupatana na habari za Stuart. Kanuni ya kweli ya sanamu hizi ni nyepesi zaidi, nayo haihitaji kufundishwa kwa maneno: aliye juu ni bwana, na aendaye kwa miguu ni mtumishi. Mbele ya jumba lingine la makumbusho, lile la viumbe na mambo ya asili la New York, ilisimama tangu mwaka 1940 sanamu ya shaba ya Rais Theodore Roosevelt, iliyofanywa na James Earle Fraser. Roosevelt huyo ndiye aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kuwinda katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Alikuwa juu ya farasi, na kwa miguu, upande huu na upande huu, walikwenda Mwafrika mmoja na mwenyeji mmoja wa asili wa Amerika. Sanamu ile iliondolewa Januari 2022. Waliotaka iondolewe hawakusema ya kwamba fundi hakujua kazi, wala nyuso za wale wawili hazikuwa za dhihaka. Mashtaka yao yalikuwa juu ya mpango wa miili tu: nani yuko juu, na nani yuko ardhini.

Kwa hiyo tendo la Wiley ni tendo moja lililo wazi, nalo ndilo nguvu ya kazi yake. Amemchukua yule ambaye kwa miaka mingi alikwenda kwa miguu ubavuni, au hakuonekana kabisa, akampandisha. Wala hakumvika nguo za jemadari ili astahili. Angemvika koti la vifungo vya dhahabu, tungesema, Kijana huyu amepewa heshima kwa sababu amefanana na wakubwa. Lakini amepanda na nguo zake za kila siku. Fulana ile ya kofia si kitu kidogo katika nchi yake. Tangu mwaka 2012, alipouawa Florida kijana Trayvon Martin wa miaka 17 akiwa amevaa vazi la namna hiyo, watu wengi wameitaja kama ishara ya kijana mweusi anayeshukiwa pasipo kosa. Fundi ameifanya kwa shaba, pamoja na mikunjo yake yote, kwa uangalifu ule ule ambao mafundi wa zamani waliutumia kwa joho la kaisari. Na viatu navyo vina neno. Nike lilikuwa jina la mungu wa kike wa Wayunani, maana yake Ushindi, naye katika sanamu za kale hushikwa mkononi mwa miungu. Hapa jina la Ushindi limeshuka mpaka kwenye kiatu, na limekuwa alama ya biashara. Iwe fundi alikusudia hayo, au sivyo, yeye atazamaye ana haki ya kuyaona. Na sisi twaona ndani yake huzuni kidogo iliyochanganyika na mzaha.

Jambo la pili tulisifulo ni kwamba kijana huyu hana jina. Stuart ana jina, Lee ana jina, na kila jina lilichongwa katika jiwe ili watoto walisome. Mpanda farasi huyu si fulani bin fulani. Hakuna tendo lake la vita tunaloambiwa tulisifu. Basi hawezi kufanywa shujaa wa kabila wala wa chama. Ye yote apitaye aweza kusema, Huyu ni mdogo wangu, huyu ni mwana wa jirani. Na kwa kuwa hana silaha, hatuwezi kusema kwamba amekuja kulipa kisasi.

Hapa tutazame jina la kazi. Neno tetesi ni habari isiyo na mwenyewe, inayopita mdomo kwa mdomo. Wengine wangependa kusema uvumi wa vita, nalo si kosa. Bali uvumi ni neno lenye sauti, limetoka katika kuvuma, na vivumavyo ni upepo, bahari na ngoma. Uvumi husikika kabla mtu hajaonekana. Tetesi ni jambo la kunong'onezana. Ukichagua neno moja kati ya haya mawili, umekwisha kuamua ni namna gani ya hofu unayoisema: hofu ya kitu kikubwa kinachokuja kwa kishindo, au hofu ya watu wanaonong'ona milangoni. Wazee wetu waliyakusanya yote mawili katika mithali moja: Lisemwalo lipo, ikiwa halipo laja.

Na katika Injili, Bwana alipowaambia wanafunzi wake ya kwamba watasikia habari hizo, hakusema ili awatie hofu. Aliwaonya wasifadhaike, kwa kuwa mwisho ulikuwa haujaja bado. Twapenda wasomaji walishike neno hili wakimtazama kijana aliyegeuka. Stuart wa Moynihan aligeuka kama kamanda ageukavyo kuwaangalia askari wake wakimfuata. Mwendo ule ule, mwili wa huyu kijana unapoufanya, umekuwa kitu kingine. Hana askari nyuma yake. Amesikia jambo. Ni mtu ambaye katika nchi yake mwenyewe humlazimu kutazama kando na nyuma, hata anapokuwa juu ya farasi mkubwa. Hapa ndipo tunapoiona akili ya fundi kwa hakika: hakubadili mgeuko, alibadili ageukaye, na maana yote ikageuka pamoja naye.

Lakini mhakiki asiyetaja upungufu hajafanya kazi yake. Yako mashtaka matatu yaletwayo juu ya kazi ya namna hii, nayo yatupasa kuyajibu moja moja.

La kwanza husema: Huku ni kugeuza tu, jana alikuwa juu mweupe, leo yuko juu mweusi, na jiwe ni lile lile. Shtaka hili lingekuwa na nguvu kama kijana angekuwa jemadari mwenye jeshi lake na watu waliowekwa chini yake. Sivyo. Chini yake hapana mtu wa shaba aliyeshushwa ili yeye apande. Kumpandisha aliyeshushwa, pasipo kumshusha mwingine, hakuwezi kuitwa kisasi.

La pili ni zito zaidi, nasi hatuwezi kuliondoa lote. Yasemwa ya kuwa farasi wa mfalme ni farasi wa mfalme, ampandaye awe nani. Na ya kwamba tukikubali kuwa heshima ni kuketi juu, futi 27 toka ardhini, tumekubali fundisho la wale wale waliotudharau. Mkristo hawezi kulipuuza neno hili, kwa sababu Mfalme wetu alipoingia mjini alichagua mwana-punda, mnyama ambaye miguu ya ampandaye karibu iguse ardhi, wala hapana ajuaye habari zile asiyefahamu ya kuwa alichagua kwa makusudi. Mithali yetu nayo yasema, Aliye juu mngoje chini. Twakiri kwamba katika ukubwa wake sanamu hii bado inasema lugha ya makaisari. Inamtaka mtazamaji ainue uso, na mtoto aliye mbele yake hupata kwanza hofu, kabla hajapata fahamu. Laiti fundi angelijaribu kuliteremsha jiwe! Kijana yule akiwa karibu na macho yetu, nguo zake za kila siku zingesema kwa nguvu zaidi, maana tungeziona kwa umbali ule tunaozioneana sisi kwa sisi. Jibu la kwamba lugha ya mwenye nguvu haina budi kusemwa ili mwenye nguvu asikie, ni jibu la kweli, lakini ni nusu. Mtu aweza kujifunza lugha ya bwana wake kwa kumjibu, kisha akasahau kwamba aliijifunza kwa sababu hiyo.

La tatu limeletwa na wakati wenyewe. Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd aliuawa na polisi mjini Minneapolis, na watu wengi wakatoka barabarani kila mahali katika Marekani. Huko Richmond, sanamu ya Davis iliangushwa na watu Juni 2020. Ya Jackson ikaondolewa tarehe 1 Julai. Ya Stuart tarehe 7 Julai. Na ya Lee, iliyotangulia kuliko zote, tarehe 8 Septemba 2021. Basi sanamu ya Wiley ilifanywa iwe jibu, na haikupita miezi saba tangu kusimama kwake pale, swali likachukuliwa likaondolewa. Mtu ajaye leo hawezi tena kutoka kwa Stuart akamwendea kijana huyu na kulinganisha mmoja na mwenzake. Je, jibu laweza kusimama pasipo swali lake?

Sisi twadhani laweza, lakini kwa sharti. Wasomaji wa Tanganyika ya zamani wataelewa upesi, kwa kuwa jambo la jinsi hii lilitokea Dar es Salaam. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha pale Hermann von Wissmann kwa shaba, na chini yake wakamweka askari Mwafrika, akimfunika simba kwa bendera ya bwana wake. Waingereza walipouteka mji wakaiondoa. Baadaye ikasimamishwa Hamburg, mpaka wanafunzi wa chuo walipoiangusha mwaka 1968. Na mwaka 1927 katika mji wa Dar es Salaam ilisimama sanamu ile tuijuayo wote, Askari wa shaba aliyeshika bunduki, iliyofanywa na James Alexander Stevenson. Angalieni: askari aliyekuwa miguuni pa bwana sasa yu peke yake juu ya jiwe. Lakini ni wangapi leo, wapitao njia ile kwa gari au kwa miguu, wajuao ya kuwa kabla yake alikuwapo askari mwingine, aliyekuwa chini? Wale wasiojua humwona askari tu. Wajuao huona jambo kubwa zaidi: huona kwamba hata kupandishwa kwake hakukumpa uhuru, maana bado alikuwa amebeba bunduki aliyopewa na dola nyingine, na vita aliyopigana haikuwa yake. Sanamu yenyewe haikuyasema hayo. Yalisemwa na watu waliokumbuka.

Hivyo ndivyo ilivyo na mpanda farasi wa Richmond. Akiachwa peke yake, baada ya vizazi viwili atakuwa kijana mzuri juu ya farasi mzuri. Jumba la makumbusho, ambalo kazi yake ni kutunza kumbukumbu pamoja na vitu, lina wajibu wa kumsimulia Stuart kila siku. Si kwa kumheshimu, bali kwa sababu habari zake ndizo nusu ya maneno ya kijana huyu. Katika jambo hili kumweka ndani ya kiwanja cha makumbusho kulikuwa uamuzi bora kuliko kumweka katika njia kuu. Katika njia kuu sanamu huamuru. Katika makumbusho yaweza kuulizwa maswali.

Na hapa twarudi kwa neno sanamu na mizigo yake miwili. Walimu wetu wanazijua habari mbili za Agano la Kale ambazo huwekwa mbali mbali, nasi twataka kuziweka pamoja. Habari moja ni ya mawe kumi na mawili ambayo Yoshua aliyasimamisha Gilgali, yaliyotolewa mtoni Yordani: yalisimamishwa ili watoto wa baadaye waulize maana yake, na baba zao wawajibu. Habari ya pili ni ya nyoka wa shaba. Musa alimfanya kwa agizo la Mungu, naye akawa uponyaji kwa walioumwa. Lakini baada ya karne nyingi mfalme Hezekia alimvunja vipande vipande, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Shaba ilikuwa ile ile. Aliyeifanya alikuwa nabii. Kilichobadilika ni jinsi watu walivyosimama mbele yake: wa kwanza walitazama wakakumbuka, wa mwisho walitazama wakasahau.

Hiki ndicho kipimo ambacho twawapa walimu, nacho ni rahisi kukitumia hata katika darasa la watoto wadogo wenye picha moja tu ukutani. Mbele ya sanamu yo yote, na tuulize: Je, yamfanya mtoto aulize, au yamfanya anyamaze? Majemadari wa Monument Avenue walifanywa ili watoto wanyamaze, na watoto weusi wa Richmond walipita chini yao kimya kwa miaka zaidi ya mia. Kijana wa Wiley, pamoja na ukubwa wake tulioulaumu, humfanya mtoto aulize mara moja: Huyu ni nani? Mbona nguo zake ni kama zetu? Mbona hana upanga? Anatazama nini kule kando? Mwalimu atakayeweza kuyajibu maswali hayo manne atakuwa amefundisha habari za utumwa, habari za vita, habari za heshima, na sura ya 24 ya Mathayo, wala hatakuwa amefungua kitabu cha historia bado.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Kazi hii ni njema, wala wema wake si wa kudumu wenyewe kwa wenyewe. Farasi wake ni wa kuazima, na kila cha kuazima huja na deni. Deni hilo hawezi kulilipa fundi, ambaye amekwisha kumaliza kazi yake. Litalipwa na wale wasimuliao, au halitalipwa kabisa.